Bakuli la Mama Mkwe

Tumbo langu lina hiana. Siku nisiyo na pa kwenda hutulia kama mtoto aliyeshiba. Siku ya mtihani, ya usaili au ya harusi ya mtu, huamka kabla yangu. Nimepimwa minyoo, taifodi na vidonda vya tumbo, nimeingizwa hata mpira kooni, na kila jibu lilirudi safi. Daktari wa mwisho aliniambia utumbo wangu hauna kidonda wala uvimbe, ila una hasira, na dawa ya kuuponya moja kwa moja hakuna. Niache maziwa na maharage, nipunguze na mawazo. Alisema hilo la mawazo kama mtu anayekwambia upunguze sukari kwenye chai. Nilitoka pale nikiwa na mawazo zaidi.

Ndivyo ujana wangu unavyokwenda hapa Sombetini, ninakoshona nguo. Chumba changu nilikichagua kwa sababu kiko karibu na choo. Mjini nakijua kila kituo cha mafuta ambacho choo chake hakifungwi kwa kufuli. Marafiki waliacha kunialika, wamechoka na udhuru wangu. Mchumba nilimwambia nina vidonda vya tumbo, maana ugonjwa huo kila mtu anao na hakuna anayeuliza zaidi.

Siku ya kupelekwa kwao, juu kwenye miteremko ya Meru, nilikuwa sijala tangu jana yake. Ndiyo mbinu yangu: tumbo tupu halina cha kusema. Lakini kwao mchumba wa kijana akifika mara ya kwanza, mama mwenye nyumba humpakulia loshoro kwa mkono wake na kukaa naye mpaka bakuli liishe. Ukibakiza, umeikataa nyumba.

Loshoro ni mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa mpaka yakalainika, yakapozwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando. Mahindi yale mama aliyatwanga mwenyewe, na kila kijiko alikisindikiza kwa tabasamu. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Nilikula yote.

Bakuli halijaoshwa, tumbo likaanza. Choo kilikuwa nyuma ya migomba, na njia ya kwendea ilipita mbele ya wazee waliokaa uani wakipanga siku ya posa. Nilipita. Nikarudi, nikapita tena. Safari iliyofuata wazee walinyamaza wote mpaka nilipopotelea migombani. Nikiwa nimechuchumaa mle, jasho likinitoka, niliwasikia wanawake jikoni wakicheka, na mmoja akapiga kigelegele kidogo. Nililia kwa aibu, nimeziba mdomo kwa kanga.

Niliporudi ndipo nilipoelewa. Mama alinilaza kitandani kwake, akanifunika, akaweka kiganja tumboni mwangu taratibu. Wanawake walikuwa wamekwisha kuamua kwamba kijana wao amewahi na mtoto yuko njiani. Wala hawakukasirika. Mama alilengwalengwa na machozi, akasema Mungu amemkumbuka, atamwona mjukuu kabla hajafa.

Tumbo hili halijawahi kumfurahisha mtu. Nilitamani sana kunyamaza, niendelee kuguswa vile. Lakini mimba huzaa, na tumbo langu lisingezaa kitu.

"Mama," nikasema, "mimi sina mimba. Ninaumwa tumbo. Ni la miaka mingi, na halina dawa."

Akakiondoa kiganja. Hakukiondoa kwa ubaya. Aliuliza tu kama ugonjwa huo unarithiwa, nikasema sijui, akaenda jikoni. Kicheko kikakoma.

Tulikuwa njiani kurudi, tumeanza kuyaona mabati ya mjini, mchumba wangu alipopunguza mwendo.

"Ungewaacha waamini," akasema, bila kunitazama. "Mbele ya safari tungesema imetoka."

Alikuwa sahihi. Mimba iliyotoka wangeielewa. Wangenijia na uji, wangenipa pole, wangeniombea. Tumbo lisilo na jina hakuna anayeliletea uji.

Posa haikuja. Jioni ile ya kurudi, mama yangu, aliyekuja kwangu kusubiri habari, alinipokea mlangoni na hamu yake yote, akauliza walinipikia nini. Nikamwambia loshoro. Akauliza kama nilimaliza bakuli. Nikamwambia nililimaliza lote, nikampita, nikakimbilia chooni.