Kamba Niliyoibeba Mpaka Buffalo

Niliondoka Louisville kwa sababu moja: kumleta mdogo wangu Amani, atake asitake. Alikuwa ameanza kusikia sauti akiwa kazini kiwandani Buffalo, na ingawa daktari alimpa dawa, sisi wa kanisa letu la South End, Louisville, tulishamwandalia chumba cha maombi chenye kufuli kwa nje.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilishika barabara. Mvua na malori tu njia nzima.

Saa nne hivi nilifika Columbus kwa mama mkubwa. Alinipa chai, kisha kamba mpya ya nailoni.

"Bon, akikatala, umufunge. Kwetu Kongo tulikuwa tunafanyaka vile."

Niliitia kwenye buti la gari bila kubisha.

Buffalo niliingia alasiri. Amani anakaa East Side, chumba kimoja, analala juu ya blanketi sakafuni. Alikuwa amepika fufu na sombe, yale majani ya muhogo, na nusura nikasirike kumkuta mzima hivyo. Alimeza dawa zake mbele yangu. Alipokwenda kutoa begi langu kwenye gari aliiona kamba, akauliza ni ya nini. Nikasema ya kufungia godoro. Akaingia ndani na begi.

Jumamosi asubuhi alinipeleka kwenye jengo kubwa la mawe lenye minara miwili, hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili, ya enzi za Malkia Viktoria wa Uingereza, ambayo sasa watu huitembelea. Mwongozaji alieleza kwamba enzi hizo watu walianza kuwatoa wagonjwa kwenye minyororo, wakawapa madirisha mapana, bustani na kazi za shamba. Baadaye hospitali ikajaa kupita kiasi, na mengi ya mazuri hayo yakapotea.

"Yaya, bazungu nabo balikuwa banafunga batu," Amani aliniambia; yaya kwetu ni ndugu mkubwa. "Kisha bakaacha."

Kazi yangu Louisville ni kutunza wazee, na ukimfunga mzee kitandani unafukuzwa siku hiyo hiyo. Sheria hiyo naijua vizuri, na mdogo wangu nilimletea kamba. Niliona haya mpaka machozi yakanitoka.

Mchana tulinunua godoro, tukalifunga juu ya gari kwa kamba ile ile.

Jumapili nilirudi peke yangu. Columbus, mama mkubwa alichungulia kiti cha nyuma, akauliza kamba iko wapi. Nikamwambia imefunga godoro.

Jumatatu nilikwenda kanisani na bisibisi, nikaing'oa ile kufuli. Maombi yanaendelea, mlango ukiwa wazi. Amani anasema huenda akaja Krismasi. Atakuja akitaka.