Hamira ya Mama na Damu Yangu

Kwa muda mrefu tumbo langu lilikuwa na jina moja tu: amiba. Hapa Kigali kila tumbo linalouma ni amiba, nami nilikuwa nimemeza vidonge vyake mpaka ladha ya chuma ikahamia mdomoni. Nilipozidi kukonda na choo kikaanza kutoka na damu, daktari wa matumbo alitaja ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa matumbo usiopona. Akaagiza nipimwe kingamwili, zile askari za mwili zilizomo kwenye damu. Kipimo kilifanyika nje ya nchi. Damu yangu ikapanda ndege kabla yangu.

Siku ya majibu nilikwenda na mama. Alikulia Tanzania, ndiyo maana nyumbani tunaongea Kiswahili, na sokoni Kimironko anajulikana kwa maandazi yake.

"Kuna kingamwili zinazopambana na hamira," daktari alisema. "Wagonjwa wengi wa Crohn wanazo."

"Hamira hii ya kuumulia unga?" mama aliuliza.

"Jamii hiyo hiyo, mama."

Daktari aliendelea: hata kifua kikuu cha matumbo huweza kuleta majibu kama hayo, kwa hiyo lazima waingize kamera, wakate kinyama kidogo wakachunguze. Mama hakuwa akisikiliza tena.

Kesho yake nyumba haikunukia unga ulioumuka. Kopo la hamira lilikuwa kwenye pipa la taka, na mama alikuwa anasukuma chapati.

"Na wateja?"

"Watakula chapati."

"Mama, maandazi hayajanifanya kitu."

"Nimekulisha hayo tangu huna meno. Damu yako yenyewe imeyakataa, halafu wewe unabisha."

Kamera ilithibitisha: Crohn. Niliyapokea majibu kama barua yenye anwani ya mtu mwingine. Mama ndiye aliyeshika kingo za kiti, kwa hiyo nikamwomba daktari amweleze yeye.

"Mama, hizo kingamwili ni alama tu. Zinatusaidia kuutambua ugonjwa. Hazisemi umeletwa na nini. Maandazi yako hayana kesi."

"Umewahi kuyala?"

"Bado."

"Basi unamtetea usiyemjua."

Daktari alicheka. Mama hakucheka, lakini tulipokuwa tunarudi aliingia duka la kona, akatoka na kopo jipya la hamira.

Asubuhi unga ulikuwa umeumuka chini ya kitambaa. Aliniwekea andazi moja kwenye sahani, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Hakugusa la kwake mpaka nilipomeza.