Siku Nilipokumbatia Kioo cha Duka

Chekeni mapema tumalize, kwa sababu mpaka leo nikinunua nyanya sokoni Voi kuna mtu lazima aniulize habari ya kioo.

Nilikuwa nafungua duka la magauni ya harusi, na nikataka mbele pawe kioo kitupu, chini hadi juu, kama Nairobi (mimi ni mtu wa kijijini Wusi, lakini macho yangu yanaishi Westlands). Mchoro wa injinia ulikuwa na vyuma viwili vya kukishika katikati upepo ukija. Nikamwambia fundi avitoe, vinafanya duka lifanane na seli.

Mke wangu Mshai akaniuliza, "Baba Wakio, na huu upepo unaong'oa mabati?"

"Upepo unapiga nyuma, kioo kiko mbele," nikamjibu, kama profesa.

Siku ya kufungua, wageni wamejaa ndani, pasta anaomba, upepo na vumbi jekundu vikaanza kugonga mlango wa nyuma, na mimi nikaona kioo kinapumua: kinavimba kuelekea barabarani, kinarudi, kinavimba tena. Nikatoka nje taratibu (mwenye duka hakimbii), nikakiegemea, mikono nimetandaza, shavu limebandikwa. Pasta akaniona kutoka ndani akapaza sauti, "Mwacheni! Ameguswa na Roho!" Watu wakaanza kuimba. Mshai peke yake hakuimba, alikuwa anawavuta watu warudi nyuma.

Hapo ndipo shangazi yangu, aliyechelewa kutoka Werugha, akafungua mlango wa nyuma na sufuria ya pilau, na upepo wote ukaingia naye.

Kioo kikatoka kwenye fremu kizima kizima, na mimi nimekikumbatia, tukavuka barabara kinyumenyume mpaka kwenye rundo la mchanga, nikaanguka upande huu, chenyewe kikaanguka upande ule kikawa chenga. Magauni yakatufuata yakiruka. Shela moja ikatua kichwani mwangu.

Mwendesha boda akasimama, simu mkononi anarekodi. "Mzee, umeoa kioo?"

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, maana wangeweza kuumia kwa sababu ya maringo yangu. Vyuma vilirudi, na mchoro wa injinia sitaugusa tena hata kwa penseli.

Bibi harusi wa kwanza kuja dukani alinitambua kutoka kwa video. Alichagua gauni, akalipa vizuri, akaniomba kitu kimoja tu: nisije harusini.