Colette Alimuuza kwa Maombi

Miaka kumi na moja, Mukandori wa Bihambwe alibeba Colette ndani ya roho sawa vile muntu anabeba mwiba kwa kisigino: analima, anacheka, anauza maharagi, lakini hakuna hatua hata moja yenye anasahau. Bantu banasema eti kinyongo inazeesha. Yeye ilimukaza mifupa.

Maneno ilianza hivi. Kwa kanisa yao, kila mama alikuwa na mwenzake wa magoti. Bawili bawili. Jogoo ya kwanza, mbele ya kushika jembe, munakutana, munasema mustari moja ya Biblia, kila muntu anaungama dhambi yake kwa mwenzake, munaomba, munaenda kwa shamba. Yenye inasemwa pale inabaki pale. Mwenzake Mukandori alikuwa Colette, jirani yake wa kilima kimoja. Na Mukandori njo alikuwa mukubwa wa maombi ya asubui, yeye njo alikuwa anapiga ngoma ya kuamusha bantu. Kusoma hakujua vizuri. Lakini kuomba, ee! Hata mwenye homa alikuwa anatoka kwa kitanda.

Sasa, mwaka wenye bantu bote balikimbia vita mpaka Mweso, mufuko wa mbegu ya maharagi ya bajane ba kanisa ulikuwa umewekwa kwake. Alikimbia nao kwa kichwa. Kule, bajukuu yake bane balimaliza siku mbili bila kula kitu. Siku ya tatu alifungua mufuko, akapika mbegu. Kwa mulimaji, kula mbegu ni kula mwaka wenye haujafika. Tena ya bajane!

Kisha kurudi, alilima mashamba ya bengine misimu miwili, akarudisha mifuko mbili kwa nafasi ya moja, kimya kimya, kwa depo ya kanisa. Bajane balifikiri mbegu yao ilipotea kwa vita, na ile mbili ni zawadi imetoka juu. Colette alimusaidia kubeba ule wa pili, bila kujua ni wa nini. Ni kisha pale Mukandori alimuungamia.

"Dada, ile mbegu haikupotea. Nililisha batoto. Ile mifuko mbili njo malipo."

Colette alilia naye. Alimupanguza machozi na kitenge yake mwenyewe.

Siku tatu tu. Mukutano wa bamama, bote bamefunga macho, Colette anapandisha sauti: "Ee Baba! Umurehemu dada yetu Mukandori, mwenye alikula mbegu ya bajane! Umutoe roho ya wizi!"

Sasa masengenyo yenye inamalizika na Amina, nani atakukatalia? Macho ilifunguka moja moja, yote ikamuangalia. Umugwaneza, mujane mwenye mudomo mukali, akasema: "Kumbe vita yenye ilikula mbegu yetu iko na jina!"

Bakacheka. Bakamunyanganya ngoma. Bakaipa nani? Colette.

Tangu pale Mukandori hakukuwa tena na mwenzake wa magoti. Aliomba peke yake nyuma ya nyumba, kila asubui, hata mvua inyeshe. Alikuwa anasema: "Mungu, na weye sina neno. Yule, namungojea." Pasta Sebarenzi alikuja mara tatu kumubembeleza.

"Mama, samehe. Bwana alisema mara sabini mara saba."

"Pasta, hata mara moja hajaniomba. Nianzie kuhesabu wapi?"

Na kwa kanisa, maombi ilipoa. Nani ataungama dhambi ya kweli kama mudomo uko unangojea pale mbele? Bamama balikuwa banaungama tu eti balikasirikia mbuzi.

Kisha mavuno ya mwaka huu, bakafanya juma ya uamusho. Siku ya mwisho Sebarenzi akasema kila mama achague mwenzake mupya wa magoti, baanze upya na Mungu. Colette akaenda kwa moja: "Niko na wangu." Kwa mwengine: "Na miye pia." Umugwaneza yeye aligeuza tu mugongo. Mukubwa wa ngoma akabaki katikati ya kanisa, Biblia kwa kifua, sawa muchumba mwenye balikimbia.

Akakuja mbele ya Mukandori.

"Dada, unipokee."

"Na mudomo wako, ao umeuacha nyumbani?"

"Unisamehe," Colette akanongona.

"Unaniomba kwa sikio? Weye uliniuza kwa sauti. Enda pale mbele. Na bantu bafungue macho."

Colette alienda.

"Bamama, siku ile sikukuwa naomba. Nilitaka ngoma. Na nilijua alirudisha mifuko mbili, moja nilibeba na kichwa yangu hii. Nilinyamaza sababu kama mungejua, mungemuachia kazi yake."

Umugwaneza alijifunika uso na kitenge.

"Mama Mukandori," Sebarenzi akauliza, "unasema nini?"

Mukandori akasimama polepole.

"Nimesikia. Kupenda, bado." Akamugeukia Colette. "Kesho uje kwangu mbele ya jembe. Utaungama weye, miye nitasikiliza. Dhambi yangu, Mungu iko nayo tayari."

"Ndiyo, dada," Colette akajibu.