Kijiko cha Mkaguzi

Mwaka wa tisini na tano, mkaguzi alipofika mara ya kwanza katika nyumba ya wazee ya Phanice, nje kidogo ya Homa Bay, alikuta ametengewa samaki mzima wa kukaanga, ngege wa ziwani. Leseni ilikuwa inaisha mwezi huo, na Phanice, tangu enzi za kuuza dagaa wa omena, aliamini kila mtu ana bei yake. "Kwanza kazi, mama," alisema yule bwana kwa sauti ya chini. Phanice akamfuata, akiitafuta hiyo bei. Kila alichogusa mkaguzi, godoro, shuka, hata sufuria, alinusa kidole baadaye. Katika vyumba vya mbele, vya wazee wenye nguvu, hakukawia. Katika chumba cha nyuma, cha wasiojiweza, alivua viatu, akalala kwenye kitanda kitupu, akatoa kijiko mfukoni na kugonga chuma cha kitanda, macho kwenye saa. Phanice alipotaka kuita wauguzi, alimnyamazisha kwa mkono.

"Gonga tu, nyakwara, mjukuu wangu," alisema bibi wa kitanda cha pili. "Huku hata mvua hutufikia kabla ya wauguzi."

Dakika kumi na moja zikapita, hakuja mtu. Mkaguzi akaidhinisha leseni kwa sharti moja: meza ya Phanice ihamie mlangoni pa chumba kile. Samaki hakumgusa. Phanice alipata karatasi yake, akapoteza ofisi yenye upepo wa ziwa. Bibi naye aliachiwa kijiko, akawa anakigonga hata asipohitaji kitu, apate tu kumwona Phanice, tajiri mwenyewe, akiinuka.