Picha ya Baba Akimkimbia Wifi

Kwetu Nkunga, Unyakyusani, mzee na mke wa mwanawe hawatazamani. Si ugomvi, ni heshima, tena nzito. Mkwe akitokea huku, mzee anapita kule. Mzee akiingia, mkwe anajifunika na kuinama. Siku hizi wengi wameiacha, hata mzee wa kanisa wetu anapiga soga na wakwe zake kama kawaida, lakini baba yangu ni wa zamani. Kaka alipomleta mkewe Mwingereza likizo ya Krismasi, baba alihamia chumba cha uani na kuanza kuishi kama mtu anayetafutwa na polisi. Chakula chake kilipelekwa huko huko. Alimsalimia wifi kupitia ukutani, na wifi aliitikia kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, ameinama vizuri kabisa, ingawa ukuta hauoni.

Mimi binti yake nilikuwa nakufa kwa kicheko. Nipo kidato cha tatu, na kazi yangu darasani ni kuchekesha watu mpaka watolewe nje. Nyumba yenye baba anayemkwepa mzungu aliyeshika ndoo, nani angeweza kuiacha hivi hivi?

Asubuhi moja wifi alikuwa kwenye migomba na mama, wanamenya ndizi. Nikajiweka tayari na simu, kisha nikapiga kelele, "Baba! Ng'ombe amekata kamba, anakula mahindi!"

Baba akatoka mbio na fimbo, akazunguka jiko, akakutana na wifi uso kwa uso. Ng'ombe alikuwa zizini anacheua. Baba alivuta koti akajifunika kichwa na kurudi alikotoka bila kuona njia, akajigonga kwenye mgomba, akaendelea. Wifi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Nikapiga picha. Kisha nikamwandikia baba maneno juu ya kichwa, kwa herufi nyekundu: SITAKI MIE! Niliitazama ile picha nikacheka hadi nikakaa chini.

"We mtoto una akili kweli?" mama aliniuliza. "Hilo si la kuchezea."

Baba hakunichapa. Alichukua fimbo yake akaenda Kisiba kwa mdogo wake, akakaa huko mpaka wageni walipoondoka. Kaka alirudi Uingereza bila kuagana na baba yake. Nilijiambia watazoea tu.

Kaka alikwenda kule kwa viza ya mwanafunzi. Masomo yalikuwa yamekwisha na viza nayo inaelekea ukingoni. Kwa kuwa ameoa raia wa kule, alitakiwa kuomba abadilishiwe, apewe viza ya mwenza. Kwa hiyo ilikuwa lazima waonyeshe kwamba ndoa ni ya kweli na kwamba familia zinajua. Akaniandikia, "Dogo, nitumie picha zote ulizopiga wifi yako alipokuja." Zote. Mimi na uvivu wangu nikachagua zote kweli, nikatuma, nikaenda kucheza.

Zikapita wiki, kaka akapiga simu.

"We mdudu, picha ya baba uliandika nini?"

"Ipi?"

"Usijifanye mjinga."

"Si mzaha tu, kaka?"

"Huku maandishi yoyote ya Kiswahili lazima yatafsiriwe. Mtu mzima amekaa chini ametafsiri 'Sitaki mie', akagonga mhuri."

Ungenisikia, ungedhani nina kwikwi. Nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Mzaha wangu umepigwa mhuri!

"Sasa kwa nini hukuitoa?"

"Nilikuwa nimetoka kazini, macho yanafumba, nikapakia rundo lote. Nilikuamini. Watu wa viza wanauliza kwa nini baba hayupo kwenye picha hata moja na wifi yako, isipokuwa hiyo anayomkimbia. Wanauliza kama wazazi wanaikataa ndoa. Wakinikatalia narudi nyumbani, na yeye anabaki huku. Kamwambie baba. Wewe mwenyewe, usimtume mama."

Kicheko kiliisha hapo.

Baba alikuwa kwenye shamba la chai, kikapu mgongoni, anachuma. Nilimweleza yote, mpaka herufi nyekundu. Hakuacha kuchuma.

"Kwa hiyo huko wanaamini simtaki?"

"Ndiyo, baba."

"Nani kawaambia?"

"Mimi."

Akatupa majani kikapuni. "Ningekuwa simtaki, ningesimama nimtazame mpaka achoke. Nilikimbia kwa sababu ni mke wa mwanangu. Hilo hawalijui?"

"Hawalijui, baba."

"Na wewe?"

Nilichuma jani moja nikalishika tu.

Maelezo yake tukayaandika, nikayatuma. Wakili wa kaka akasema yanasaidia, lakini picha moja ya baba na wifi wakiongea, hata kwa simu ya video, ingemaliza maneno. Mimi, kwa akili yangu fupi, nikapendekeza baba mdogo avae koti la baba akae badala yake. Wamefanana, na nani huko atajua?

"Umeniongopea ng'ombe," baba alisema, "sasa unataka kuwaongopea na wao?"

Kisha akasema yeye mwenyewe atakaa.

Jumapili baada ya ibada tulimtolea kiti uani, mahali penye mtandao kidogo. Baba alivaa koti lake la kanisani akafunga vifungo vyote. Nilishika simu. Kaka akatokea, na pembeni yake wifi, amejitanda kitenge alichopewa na mama, ameugeukia ukuta. Baba naye alikuwa anatazama kuku.

"Jamani, tazameni basi," kaka alisema.

Hakuna aliyetazama. Kichwani nilikuwa na vichekesho vitatu vizuri. Nilivimeza vyote, na vilikuwa vichungu.

"Mwanangu," baba akasema polepole, kwa kile Kiswahili chake kinachopanda na kushuka kama Kinyakyusa. Wifi akainua kichwa kidogo. "Geuka. Huna kosa. Ni mimi ninayekuomba."

Wifi akageuka. Baba akainua macho. Mikono yake ilikuwa imeshika magoti kwa nguvu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevuliwa shati katikati ya soko. Nikanasa picha ya kioo cha simu, wote wawili ndani yake. Alitakiwa atabasamu, lakini sikuthubutu kumwambia.

"Tayari?"

"Tayari, baba."

Akainuka na kuingia kwenye migomba. Mama alikibeba kile kiti akakiingiza ndani bila kunitazama. Afadhali angenitukana.

Kaka akapewa viza. Alituma ujumbe kwenye kundi la familia, ndugu wakajaza makofi na mioyo, wifi akaandika "Ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa. Nilikimbia kumpelekea baba habari shambani.

"Ndaga," akasema naye. Akashusha kikapu. "Basi ile picha ifute."

Nikaifuta mbele yake, pamoja na ile ya herufi nyekundu. Aliinama akachungulia mpaka zikapotea.

"Na kule?"

"Kule zimebaki ofisini kwao, baba."

"Wanazitazama?"

"Hapana. Wameshazifungia kabatini."

"Lina ufunguo?"

"Lina ufunguo, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akapandisha kikapu mgongoni, akarudi kuchuma. Nilichuma naye mstari wa jirani mpaka mvua ilipotufukuza. Kabati hilo mimi sijawahi kuliona.