Masale Kwenye Meza ya Baiolojia

Mwaka aliofariki mume wangu, chama chetu cha baiolojia kilikuwa na shughuli kuliko wakati mwingine wowote. Tulikuwa walimu wa sekondari, bwana mifugo mmoja na wauguzi wachache, na tulikutana Jumamosi katika maabara ya shule moja pale Moshi, tukinywa chai isiyo tamu kwa sababu sukari ilikuwa imeadimika nchi nzima. Kazi tuliyojipa ni kuitoa baiolojia darasani. Tulipeleka hadubini sokoni Kiboriloni, watu wakachungulia vijidudu vya maji ya mfongo, ule mfereji wanaoutumia wao na ng'ombe wao. Tuliwabembeleza wazazi wawaache mabinti wasome sayansi. Mengi ya hayo aliyaanzisha mume wangu. Alipenda kusema kwamba kuogopa kujua nako ni ugonjwa, tena hauna dawa dukani.

Alianguka akiwa anafundisha, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Daktari aliponiuliza kama naruhusu mwili ufunguliwe ili kijulikane kilichomuua, nilikubali palepale. Sikuona la kufikiria. Angeulizwa yeye, angekubali kabla swali halijaisha.

Mama yake aliona vingine. Tulimzika kwao Marangu, katika kihamba cha ukoo, kati ya migomba na kahawa, na watu walipoanza kutawanyika mama mkwe alinigeukia mbele ya wote. "Umemchinja mwanangu mara ya pili," akasema. "Usikanyage tena hapa." Hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kunipeleka kule kwa kisingizio cha kumsalimia bibi. Nikarudi mjini, Rau, kwenye nyumba ya shule tuliyokuwa tukiishi, nikaendelea na kazi.

Watu walinisifu kwa kujikaza. Sikujikaza chochote. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, lakini hauna habari na wewe. Nilisahihisha madaftari. Nilipika ndizi, nikaziangalia mpaka zikapoa, nikampa jirani. Nilikuwa na haja moja tu, nayo ni kukaa kidogo kwenye kaburi lake, kwa sababu sikuwa nimelia, na nilidhani huenda pale nitaweza. Nilituma wazee mara mbili kuniombea kwa mama mkwe. Walirudi na pombe ya mbege tumboni na jibu lilelile.

Basi chama kikaamua kufanya maonyesho Marangu, katika shule ya msingi iliyo jirani na kanisa la Kilutheri, Jumapili baada ya ibada. Kutoka uwanja wa shule ile unaiona migomba ya mama mkwe. Katibu wetu, mwalimu kutoka Songea, mtu mpole mwenye haraka ya kufanya mema, alinivuta pembeni.

"Shemeji, ukiona vigumu, baki tu. Tutaelewa."

Nikamwambia nitakwenda. Ugumu ni wa mwenye kuhisi.

Tulipanda mlimani Jumamosi, tukalala madarasani. Mimi nilipewa meza ya majani, niwaonyeshe watu kwamba jani la kahawa lina vishipa vilivyotandaa kama wavu, na majani ya aina nyingine yana vishipa vinavyokwenda sambamba. Asubuhi katibu akaja amekumbatia tita la majani mabichi, anatabasamu mpaka masikioni.

"Shemeji, tazama! Yamejaa kule kwenye ua. Vishipa vimenyooka kama vimepigwa rula. Tutampa kila mtu lake aende nalo nyumbani."

Yalikuwa masale. Mimi ni wa Machame, nilijua. Kwetu Wachagga isale si jani la kuchezea. Hupandwa mipakani na makaburini, na mtu aliyekukosea akija na isale lililofungwa fundo, huwezi kumnyima msamaha, hata kama amekuulia ndugu. Zamani ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile nilisema, "Haya, weka hapo."

Ibada ikaisha, watu wakamiminika. Mzee wa kwanza kufika mezani akapewa isale na katibu, kwa mikono miwili na heshima zote. Mzee akalitazama jani, akamtazama katibu.

"Mwalimu, mmetukosea nini huko mjini? Mbona mnaomba radhi kanisa zima?"

Uwanja ukaangua kicheko. Katibu alipoelezwa alitamani ardhi ipasuke. Lakini kicheko kile kilitujazia watu kuliko tangazo lolote. Kila mtu alitaka kuona majani ya mgeni aliyetubu bila kujua dhambi yake, na wakishafika walishika lenzi, wakatazama, wakauliza. Meza yangu ikaishinda hata hadubini. Nikawa nasema maneno yaleyale kwa sauti ileile: tazama hapa, vishipa vinakwenda sambamba, sasa tazama kahawa.

Nikanyoosha jani lingine, na mkono uliolipokea ulikuwa wa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alivaa kitenge cha kanisani na kitambaa cheupe kichwani, na alikuwa amekonda. Akachukua lenzi akalitazama lile jani taratibu, kama walivyofanya wengine, kisha akaiweka lenzi mezani.

"Nimeona," akasema. "Na yeye, walipomfungua, waliona nini?"

Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza. Walioniunga mkono na walionilaani, wote waliishia kwenye kisu. Nikamjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi, kwa sababu sauti nyingine sikuwa nayo.

"Moyo, mama. Moyo una vilango vya kupitishia damu. Kimoja kilikuwa kimekakamaa, hakifunguki vizuri. Ni cha siku nyingi. Huanza mtoto akiwa mdogo, akiugua mafindofindo yasipotibiwa sawasawa."

Neno lilipokwisha kunitoka ndipo nikaona nimempa nini. Nikataka kulirudisha na halirudi.

"Alikuwa nayo," akasema. "Koo lilikuwa linamvimba kila msimu wa mvua. Nilikuwa namsukutulisha maji ya chumvi, kisha namtuma kukata majani ya ng'ombe."

"Wakati ule hakuna aliyejua, mama. Hata mimi nisingejua."

Hakunisikia, au alinisikia na haikumsaidia. Alilitazama lile isale mkononi mwake, akalikunja, akapitisha ncha yake, akakaza fundo. Nikadhani ananipa mimi, na nilishaanza kunyoosha mikono.

"Mpelekee," akasema. "Namwomba radhi. Mimi miguu yangu haitafika pale leo."

Nikavuka uwanja, nikapita kwenye ua wake, na hakuna aliyenizuia. Kaburi lilikuwa limeota majani, na mgomba mmoja ulikuwa umelala juu yake kwa uzito wa mkungu. Nikalilaza isale upande wa kichwani. Nikakaa chini, nikasubiri kulia. Nilisikia watoto wakipiga kelele kwenye hadubini, nikasikia ng'ombe wa zizini akijikuna kwenye mbao. Machozi hayakuja. Nilikaa mpaka nguo ikalowana kwa unyevu wa kivulini, nikainuka.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama upande wangu wa meza. Alikuwa ameivuta midomo ya mtoto wa mtu na kumfunua kinywa kuelekea juani, na anawaambia wanawake wenzake kwa Kichagga watazame koo za watoto wao, wasisubiri, wasidanganyike na maji ya chumvi, wateremke nao hospitali. Katibu alikuwa kando yake, haelewi neno hata moja, anaitikia kwa kichwa.

Akaniona, akamwachia mtoto.

"Amelipokea?"

Wanawake wote walinigeukia. Kwenye meza ile nilikuwa nimewafundisha watu tangu asubuhi kwamba usiseme kitu ambacho hujakiona kwa macho yako.

"Amelipokea, mama," nikasema.